Gwaride linasifiwa, lakini nikiondoka kila kitu kinasimama: skauti wangu watajifunzaje kuongoza?

SWALI: Mimi ni mwalimu mlezi wa skauti katika shule ya sekondari ya kata mkoani Singida. Nina skauti 34, wavulana 19 na wasichana 15, kuanzia kidato cha kwanza hadi cha nne. Gwaride letu linasifiwa hadi wilayani. Lakini nikiitwa ofisini kwa dakika kumi tu, nikirudi nawakuta wamekaa chini ya mwembe wanapiga soga, kila kitu kinanisubiri mimi. Wazazi tumewaahidi kwamba skauti hujenga viongozi. Nifanye nini, hatua kwa hatua, ili ndani ya mwaka mmoja ahadi hiyo iwe kweli?

JIBU: Mwalimu, pole kwa kazi, na hongera kwa kuliona tatizo ambalo walezi wengi hulipita kwa sababu gwaride linawapendeza wageni.

Vijana wako hawakukaa chini ya mwembe kwa uvivu. Ulipoondoka wewe, kiongozi aliondoka. Kundi lako lina kiongozi mmoja na wafuasi 34. Gwaride lina faida zake: linanyoosha mwili, linafundisha kusikiliza na kwenda kwa pamoja, na usiliache. Ila tazama ni nani anayejifunza kuongoza pale uwanjani. Ni yule mmoja anayetoa amri, na kwa kawaida ni yuleyule wiki hadi wiki kwa kuwa ana sauti. Wengine 33 wanajifunza kutii sauti moja. Sauti ikinyamaza, nao wanasimama.

Skauti haikuanza hivyo. Agosti 1907 mwanzilishi wake, Robert Baden-Powell, aliwapeleka wavulana wapatao 20 kwenye kisiwa cha Brownsea, kusini mwa Uingereza. Wengine walikuwa watoto wa wenye nacho, wengine wa wafanyakazi wa kawaida. Aliwagawa vikosi vinne vyenye majina ya wanyama na ndege, na kila kikosi akakikabidhi kwa mvulana mmoja aliyewajibika kwa wenzake mchana na usiku. Skafu, beji na salamu ya vidole vitatu vimejengwa juu ya hicho kikosi kidogo. Ukikiondoa, kinachobaki ni sare.

Kwa hiyo jibu letu ni moja, na mengine yote ni namna ya kulitekeleza: gawa kundi kuwa vikosi vidogo, kabidhi kila kikosi kazi halisi inayoweza kuharibika, kisha wewe ufundishe viongozi wa vikosi badala ya kufundisha kundi zima.

Anza na kugawa. Kikosi, au patroli kama wengine wanavyosema, kiwe na watu sita hadi wanane. Wakiwa wanne, wawili wakiugua hakuna kikosi tena. Wakifika kumi, watatu watakuwa watazamaji, na kijana wa miaka 15 hawezi kuwafuatilia watu tisa kwa wakati mmoja. Kwa hesabu yako, wasichana 15 watoe vikosi viwili, cha saba na cha wanane. Wavulana 19 watoe vitatu, viwili vya sita na kimoja cha saba. Tunashauri uwatenganishe wasichana na wavulana kwa sababu kikosi hulala pamoja na kupika pamoja kambini, lakini pia kwa sababu nyingine inayosahaulika. Katika kikosi mchanganyiko ni rahisi mno mvulana akashika filimbi na msichana akashika mwiko, na hakuna atakayegundua mpaka mwaka umekwisha. Michezo, safari na baraza wafanye wote pamoja.

Usiwagawe kwa kidato. Kikosi cha kidato cha kwanza watupu hakina wa kumwiga, na cha kidato cha nne watupu kitatoweka chote kwa mkupuo. Changanya umri. Njia rahisi: kila skauti aandike kwa siri majina matatu ya watu anaopenda kuwa nao, kisha wewe upange ukihakikisha kila mmoja amepata angalau mmoja wa aliowataja. Mtoto ambaye hakutajwa na yeyote, na huwa yupo, mweke kwenye kikosi chenye mkubwa mpole. Kila kikosi kichague jina, kishone bendera yake, kipewe kona yake ya kudumu uwanjani na sanduku lake la vifaa lenye kufuli. Ufunguo usikae kwako.

Sasa kiongozi. Kosa linalojirudia ni mlezi kuwateua viranja, kwa kuwa wamekwisha kuzoea kuagiza. Kiranja ana kazi nyingine, hana muda, na mara nyingi amezoea kuongoza kwa kuandika majina ya wapiga kelele. Kosa la pili ni kupiga kura siku ya kwanza: watamchagua mcheshi au mwenye simu. Fanya hivi. Wiki nne za mwanzo, kila wiki kikosi kiongozwe na mtu tofauti, akipewa kazi moja inayoonekana: wiki ya kwanza kusafisha kona na kuipanga, ya pili kusimamisha turubai, ya tatu kupika chai, ya nne kufuata alama za njia. Baada ya hapo ndipo wapige kura kwa karatasi. Wanakuwa wamekwisha kuona nani aligawa kazi na nani alifanya yote peke yake huku akinung'unika. Mshindi ukimwona hafai, mwache aongoze. Ukitengua kura moja tu, hawataamini tena kwamba kuna kura. Msaidizi amchague kiongozi mwenyewe baada ya kushauriana na wewe, kwa maana hao wawili lazima waelewane.

Wengine wasibaki mikono mitupu. Awepo katibu mwenye daftari la kikosi, mweka hazina mwenye daftari la fedha, mtunza vifaa mwenye ufunguo wa sanduku, mkuu wa jiko, na mhusika wa huduma ya kwanza mwenye mfuko wake. Cheo kisichokuwa na kitu cha kushika mkononi husahaulika baada ya wiki mbili. Mweka hazina akikusanya shilingi 200 kwa kila mmoja kwa wiki, kikosi cha watu saba kitakuwa na shilingi 16,800 baada ya wiki 12. Ni fedha kidogo, lakini ni zao, na kila mwezi asome hesabu mbele ya wenzake baada ya kuzihesabu pamoja na katibu. Asiye na 200 alipe kwa kazi: kuosha masufuria ya kikosi kuna thamani yake, na iandikwe daftarini kama malipo ya wengine ili asionekane amesamehewa.

Hapa tunafika kwenye kiini, na tafadhali usikiruke. Viongozi watano na wasaidizi wao watano ni watu kumi. Hao ndio kikosi chako wewe. Kama kundi hukutana Ijumaa, hawa kumi wakutane nawe Jumatano kwa dakika 40, na lolote litakalofundishwa Ijumaa wao walijue tangu Jumatano. Ijumaa wewe hufundishi. Mlezi akifundisha Ijumaa mbele ya wote, kiongozi wa kikosi anajifunza kitu kilekile kwa wakati uleule na yule mdogo wa kidato cha kwanza. Kwa nini basi mdogo huyo amsikilize?

Tuchukue mfano mmoja tuutazame kwa karibu: kufunga miti miwili inayokatana pembe mraba, kazi inayohitajika kwa meza ya kuanikia vyombo kambini. Kila kiongozi ahitaji miti miwili ya unene wa sentimita 7 hivi na kamba ya katani ya unene wa milimita 6 hadi 8. Urefu wa kamba unakadiriwa kwa kujumlisha unene wa miti miwili kisha kuzidisha mara 36: 7 na 7 ni 14, mara 36 ni kama mita 5. Kamba fupi ndiyo sababu ya kwanza ya kufunga vibaya, kwa kuwa mtoto huanza kubana mizunguko ili imtoshe.

Anza na fundo la mizunguko miwili inayopishana, lile ambalo wafugaji hufungia kamba ya mbuzi kwenye kigingi, ulifunge kwenye mti wa wima chini kidogo ya pale mti wa mlalo utakapokaa. Ncha fupi isokote pamoja na kamba ndefu. Kisha zungusha: mbele ya mti wa mlalo, nyuma ya wa wima, mbele ya mlalo upande wa pili, nyuma ya wima chini, na hivyo mara tatu, kila mzunguko ukilala kando ya mwenzake bila kuupanda. Baada ya hapo ingia katikati ya miti miwili, uzungushe kamba ile ikibana mizunguko ya kwanza, mara mbili kwa nguvu zako zote. Malizia kwa fundo lilelile, safari hii kwenye mti wa mlalo. Meza ikiyumba, angalia mizunguko miwili ya kubana. Ama haikufanywa, ama ilifanywa kwa mkono mlegevu. Tia goti kwenye mti ukivuta.

Namna ya kulifundisha fundo hilo ni muhimu kuliko fundo lenyewe. Fanya mara ya kwanza bila kusema neno, waangalie tu. Mara ya pili fanya polepole ukieleza. Mara ya tatu wafanye wao, na wewe weka mikono mgongoni. Hilo ndilo gumu zaidi kwa mwalimu, kwa sababu mkono wako utataka kunyakua kamba. Mara ya nne kila kiongozi amfundishe msaidizi wake huku wewe ukisikiliza maneno anayotumia. Akisema "fanya hivi, halafu hivi", mrekebishe aseme "pitisha nyuma ya mti wa wima". Ijumaa atakuwa na watoto sita mbele yake, na "hivi" haitawasaidia.

Jumatano hizohizo wafundishe kutoa kazi. Kijana aliyechaguliwa juzi hupiga kelele "jamani, maji!" na hakuna anayeinuka, kwa kuwa kazi ya wote haina mwenyewe. Mfundishe amtaje mtu kwa jina, aseme kitu gani, kiasi gani, kwa chombo gani na mpaka saa ngapi, kisha amwombe arudie: "Neema, ndoo mbili za maji kutoka kisimani, tumia ile ya kijani, ziwe hapa kabla ya saa kumi na nusu. Nimesemaje?" Baadaye akague na kushukuru. Wafanye zoezi hili wao kwa wao, mmoja akijifanya mkaidi. Na wafundishe jambo ambalo wakubwa wengi hawakuwahi kuambiwa: kiongozi akiwa na mwiko mkononi, hana macho. Wakati wa kazi nzito asishike kazi moja ya muda mrefu, apite, aone nani amekwama, amsaidie kidogo, aendelee. Wakati wa kazi chafu, kama kufukia choo siku ya kuondoka, awe wa kwanza kushika jembe.

Mkutano wa Ijumaa wenye dakika 90 unaweza kwenda hivi: dakika 10 za bendera na ukaguzi, ambapo viongozi wa vikosi ndio wanaokagua watu wao na kukuletea taarifa, 15 za mchezo wa kukimbia, 30 kwenye kona za vikosi, kiongozi akifundisha lile la Jumatano, 25 za mashindano kati ya vikosi kwa kitu hichohicho, 10 za matangazo na kufunga. Gwaride liwe na siku yake moja kwa mwezi, na amri zitolewe kwa zamu na viongozi wote watano.

Katika dakika zile 30 za kona wewe usimame katikati ya uwanja. Ukiona kosa, usiingie kwenye kona na kulisahihisha mbele ya watoto. Mwite kiongozi kwa ishara, mnong'oneze, arudi akarekebishe mwenyewe. Unapompita ukawaambia watu wake, umemvua cheo bila kutangaza.

Kwa alama za njia nilizotaja juu, kuna moja inayowagusa watu wa Afrika Mashariki kwa namna ya pekee. Duara lenye nukta katikati, katika lugha ya skauti, maana yake "nimekwenda nyumbani". Baden-Powell aliishi miaka yake ya mwisho Nyeri, Kenya, akafariki huko tarehe 8 Januari 1941, na alama hiyo imechongwa kwenye kaburi lake. Vijana wakijua hivyo, alama wanazopanga kwa vijiti na mawe kwenye njia ya kwenda kisimani huacha kuwa mchezo wa watoto wadogo.

Baada ya kila mkutano, viongozi wote wa vikosi wabaki dakika 20 kwa Baraza la Viongozi. Mara moja kwa mwezi liwe la saa nzima. Mwenyekiti awe mmoja wao, katibu aandike, na wewe ukae pembeni kidogo bila kura. Baraza liamue ratiba ya mwezi, matumizi ya fedha, nani anastahili kula Ahadi ya Skauti, na skauti aliyevunja Sheria za Skauti aambiwe nini. Kabla ya baraza kila kiongozi akae na kikosi chake aulize wanataka nini, maana bila hivyo ataleta mawazo yake mwenyewe na kuyaita ya kikosi.

Waambie mapema mipaka yako ili usionekane unabadilika: utasema hapana pale tu usalama, sheria za shule au utu wa mtoto unapoguswa. Kinachoharibika mara nyingi hapa ni baraza kugeuka mahakama. Vijana waliozoea viboko wakipewa madaraka, hukimbilia adhabu: apige magoti, achimbe shimo, achangishwe. Zuia hilo siku ya kwanza. Swali la baraza liwe "tufanye nini ili asirudie, na aliyeumizwa aridhike?" Jambo la siri la nyumbani kwa mtoto, au lolote linalohusu kunyanyaswa, lisijadiliwe hapo kabisa. Hilo ni lako, la mwalimu wa ushauri nasaha na la ustawi wa jamii, siku hiyohiyo.

Baada ya miezi minne au mitano fanyeni kambi ya usiku mbili, Ijumaa hadi Jumapili. Kambi ndiyo mtihani wa yote haya, kwa sharti moja: kila kikosi kijipikie. Kambi yenye mpishi wa kukodi na sufuria moja la watu 34 ni safari ya shule iliyovaa skafu. Kazi ya kuorodhesha chakula ipe vikosi wiki tatu kabla, walete hesabu, wewe uziangalie. Kwa watu saba, mlo mmoja wa ugali na maharage unataka unga kilo moja na nusu na maji lita 3 ya kuupikia, maharage makavu gramu 600, mafuta mililita 150, vitunguu vitatu, nyanya sita na chumvi. Uji wa asubuhi: unga nusu kilo, maji lita 4, sukari gramu 200. Maji yote ya kunywa, kupika na kunawa yakadiriwe ndoo nne za lita 20 kwa kikosi kwa siku, na ya kunywa yachemke kwelikweli kwa angalau dakika moja, yaachwe yapoe yakiwa yamefunikwa.

Maharage ndiyo mwalimu mzuri wa uongozi. Yanatakiwa kulowekwa tangu asubuhi na huiva kwa saa moja na nusu hadi mbili. Kikosi kinachotaka kula kabla jua halijazama, karibu saa moja, lazima moto uwake saa kumi jioni, na ili uwake saa kumi kuni ziwe zimekusanywa saa tisa. Kiongozi asiyefikiri nyuma namna hiyo atakula saa nne usiku. Mwache ale saa nne. Usimkumbushe, usiwatumie chakula cha kikosi jirani, wala usimseme. Weka akiba ya mikate na karanga ili pasiwe na mtoto anayelala njaa, na mwenye ugonjwa unaohitaji kula kwa saa apewe chake kwa wakati bila mjadala. Kesho yake asubuhi muulize maswali matatu tu: mlipanga nini, kilitokea nini, leo mtabadilisha nini? Jioni ya pili utaona moto wa nani unawaka mapema.

Kuna vitu ambavyo havigeuzwi kuwa somo kwa kuachwa viharibike, navyo vyote ni vya watu wazima. Pata kibali cha mkuu wa shule, mjulishe Kamishna wa Skauti wa Wilaya, kusanya ridhaa ya maandishi ya kila mzazi pamoja na taarifa za afya za mtoto. Wawepo watu wazima wasiopungua wawili, mmoja mwanamke, na kamwe mtu mzima asikae faragha na mtoto mmoja. Wasichana na wavulana walale mbali na kila upande uwe na choo chake, umbali usiopungua mita 50 kutoka jikoni na mita 70 kutoka kisimani, upande wa chini wa mteremko. Kila moto uwe na ndoo ya maji na rundo la mchanga kando. Jua zahanati iliyo karibu iko wapi na gari la nani litatumika usiku.

Kambi ikiisha, kila kikosi kichague huduma moja kwa kijiji na kuisimamia hadi mwisho wa mwaka. Kupanda miti kunapendwa sana, na hushindwa sana, kwa sababu hupandwa 500 kwa ajili ya picha na kuliwa na mbuzi kabla ya Juni. Kwa Singida, kikosi cha watu saba kipande miti 14 tu mwanzoni mwa mvua, mashimo ya sentimita 60 kwa 60, kila mti uzungushiwe miiba, kila skauti awe na miwili yenye namba. Ugumu unaanza Mei mvua ikikatika: ndoo nusu kwa mti, mara mbili kwa wiki, mpaka mvua zirudi, likizo ikiwamo. Kiongozi aandike zamu ya likizo kwa majina na tarehe, wanaokaa karibu na shule wakibeba zaidi na wa mbali wakilipa kwa kazi nyingine shule ikifunguliwa. Kupanga hiyo zamu bila ugomvi ni kazi ngumu kuliko kuchimba mashimo yote 14.

Yupo atakayeshindwa. Kati ya viongozi watano, jiandae kwa mmoja ambaye kikosi chake kinapungua kila Ijumaa. Usimvue mbele ya watu. Kwanza waulize waliokoma kuja, mmoja mmoja, kwa nini. Utasikia moja kati ya mambo matatu: anatukana, ana wapendwa wake, au hana la kufanya akisimama mbele yao. La tatu linatibika kwa Jumatano mbili za kukaa naye peke yake mahali pa wazi mkipanga dakika zake 30 kwenye karatasi. Mawili ya kwanza mwambie waziwazi ulichosikia bila kutaja majina, mpe wiki nne na jambo moja la kubadilisha, mkutane kila wiki. Asipobadilika, kikosi kipige kura upya katika muda uliopangwa na yeye apewe kazi anayoiweza. Wapo vijana wasioweza kuongoza watu saba lakini hutunza vifaa vya kundi zima bila kupoteza hata kigingi kimoja. Anayetukana na kupiga wadogo huyo haongojewi wiki nne, anasimama kando siku hiyo.

Kuhusu kupokezana, kalenda ya shule itakuangusha usipoitangulia. Kidato cha nne wanafanya mtihani wa taifa Novemba, na kuanzia Agosti hawapatikani. Uchaguzi wa viongozi wapya ufanyike Julai, muhula ukifunguliwa. Mwezi mzima wa Julai wa zamani na wa mpya waje pamoja Jumatano, wa zamani akikabidhi daftari, ufunguo, fedha zilizohesabiwa mbele ya kikosi, na orodha ya vifaa iliyosainiwa na wote wawili. Wanaomaliza shule usiwapoteze. Ngazi ya vijana wa miaka 18 na kuendelea, Rova kwetu na Jasiri kwa jirani zetu Wakenya, inawapokea, na mmoja wao akikaa karibu anaweza kuwa msaidizi wako wa kwanza wa kweli. Na wewe mwenyewe uliza wilayani lini kuna mafunzo ya Wood Badge, yanayotolewa kwa walezi tangu 1919. Humo mlezi huwekwa ndani ya kikosi na kuongozwa, na ni vizuri ukajua ladha yake.

Tumalizie na dakika zako kumi. Usingoje kuitwa ofisini, zipange. Mwezi wa pili baada ya uchaguzi, katikati ya muda wa kona, waite viongozi watano uwaambie: "Naondoka, nitarudi saa kumi na dakika ishirini." Usimwachie mtu mmoja kundi zima, kila mmoja ana kikosi chake. Mwombe mwalimu mwenzako awe karibu kwa usalama bila kuingilia. Rudi saa ileile uliyosema, si mapema kwa kunyata wala si kwa kuchelewa. Ukifika, kabla hujatazama chochote, nenda kwa kiongozi wa kila kikosi umuulize mlifika wapi, umsikilize mpaka mwisho, ndipo mwende pamoja mkaone. Mwezi unaofuata fanya dakika 20. Kufikia kambi, waachie asubuhi nzima.